Mulunda ya nyuma ya nyumba: maulizo yenu na majibu

Mwezi wenye umepita niliandika mustari moja tu, eti mulunda, ile mboga ya majani ya uchungu yenye Tanzania wanaiita mnafu, ni ya kupea mama mwenye ametoka kuzaa, basi tangu ile siku simu yangu haijapumzika. Mesaji, sauti za dakika tano tano, barua moja ya mukono kutoka Katana yenye ilifika na jani kavu ndani ya bahasha (aksanti baba, lilivunjikavunjika lakini nimelitambua), na mama moja mwenye anauzisha mboga ku soko ya Nyawera hapa Bukavu akanisimamisha mu matope hapo hapo, "wewe njo unaandikaka mambo ya mashamba? sasa mbona hukusema kama mulunda iko ya namna mbili?" Alisema kweli, sikusema. Kwa iyo mambo ya ugonjwa wa kuku tutaiacha mupaka mwezi unaokuja, leo ni mulunda na ndugu zake.

Jambo mama. Niko na batoto bane, tunaishi Panzi. Mama mukwe wangu ni mutu wa Kabare, akifika tu kwetu anazunguka nyuma ya nyumba, anachuma ile mulunda yenye inaotaka yenyewe pale tunatupaka majivu, anapika, na bwana yangu anakula mupaka analamba sahani. Sasa kijana wangu wa kwanza, ako inivesite, alitafuta ku telefone akanionyesha: Solanum nigrum, majani ya sumu. Tena kale kadogo kangu kanachumaka tule tutunda tweusi kanakula. Nifwate nani, telefone ao mama mukwe? (Mama wa bane, Panzi)

Mama, fwata mama mukwe. Telefone nayo haikudanganya sana, ilichanganya tu.

Ni hivi. Mambo mingi yenye inatoka ukitafuta hiyo jina imeandikwa na batu wa Ulaya, na kwabo hii majani hawaipiki, ni majani ya kungoa tu mu shamba. Halafu mu Kiingereza mulunda na belladonna banaziita karibu jina moja, zote banaziita kivuli ya usiku, moja wanaongeza "nyeusi" na ingine wanaongeza "ya kuua", mutu akisoma mbiombio anaona tu ile ya kuua. Belladonna ni muti mwingine kabisa, wa Ulaya na Asia ya magharibi mupaka Afrika ya kaskazini, mu milima yetu haioti yenyewe. Maua yake iko kama kengele, rangi ya zambarau yenye kuchafuka, na tunda zake kubwa zinakaa moja moja. (Hiyo jina ni ya Kiitaliano, "mwanamuke murembo", juu zamani bamama huko walikuwa wanajitia maji yake mu macho ili mboni ipanuke waonekane wazuri. Urembo ni kazi.) Sasa angalia ya nyuma ya nyumba yako: kaua kadogo, keupe, kama kanyota ka mapembe tano, katikati kuna kamudomo ka manjano, na tunda zinaninginia tano, sita, nane, pamoja, ku kashina kamoja. Ukiona vile, hiyo ni jamaa ya mulunda, si belladonna.

Lakini sumu iko, tusidanganyane. Inaitwa solanini, ile ile yenye inaingiaka mu viazi ya kizungu ukiiacha ku jua mupaka ngozi inageuka kijani. Mu mulunda inajaa zaidi mu tunda bichi, zile za kijani zenye kukazana kama shanga. Tunda ikishaiva, imekuwa nyeusi na laini, sumu inakuwa imepunguka sana, njo maana batoto wa Kivu wamekula hizo tunda tangu babu na bibi, mimi mwenyewe nilikuwa narudi ku nyumba ulimi ya rangi ya wino na mama anajua moja kwa moja nilipita wapi. Kwa iyo kale kadogo usikapige. Kafundishe tu: ya kijani hapana, hata moja, na nyeusi kidogo tu, si kujaza kikombe. Akikula mbichi nyingi, itaanza ku tumbo: kuumwa, kutapika, kuhara, kichwa, halafu usingizi wenye hauko wa kawaida. Pale usimupe maziwa, usimupe dawa ya jirani, kimbiza mutoto ku kituo cha afya na ubebe katawi ka ile muti mu mukono, juu muganga akiona majani anajua haraka nini ya kufanya.

Kitu chenye kinanipa woga nyuma ya nyumba yako si mulunda, ni datura. Nayo inapendaka fasi ya majivu na mbolea, nayo ni ya familia moja na mulunda, ikiwa ingali kachanga majani yake inaweza kuingia mu fungu ya mboga bila mutu kuona. Ikikomaa haikuchanganyi: maua ndefu nyeupe kama tarumbeta, tunda ya duara yenye miiba kama kichwa ya mutoto mwenye hajasokotwa, na ukifikicha jani harufu inakukataza wewe mwenyewe. Mbegu zake mutoto akikula anakauka kinywa, macho inapanuka, anaanza kuongea na batu wenye hawako. Hiyo ngoa na mizizi leo leo.

Na neno moja la mwisho kwako mama, juu ya ile fasi ya majivu. Majivu haina shida, mulunda inapenda majivu. Lakini kama hapo munatupaka pia mapili ya redio na ya torshi, omba mama mukwe achumie kwingine.

Mimi kijana wa Bagira. Nilienda Uvira kwa mama mukubwa, bwana yake ni mutu wa Kigoma. Tuko ku meza nikasema hii mulunda iko tamu, muzee akacheka eti mulunda ni nini, hii ni mnafu. Jirani mama mwenye alikulia ng'ambo ya Ruzizi akasema hapana, ni isogo. Tukabishana mupaka bugali ikapoa. Jina ya kweli ni gani?

Bugali kupoa juu ya jina, hapo mulikosa wote watatu. Jina zote ziko za kweli.

Mulunda ni yetu huku, Bashi njo wanaisema vile na mu Bukavu kila mutu ameishika hata kama si Mushi. Isogo ni Kinyarwanda. Lakini hapa ngoja, kuna mutego: kuna isogo na kuna isogi, herufi moja tu mwishoni, na isogi ni mboga ingine kabisa, ile ya vijani vitano vitano kama mukono, Tanzania wanaiita mgagani. Najua mama moja alimutuma mutoto ku Kamembe, ng'ambo Rwanda, kununua isogo, akarudi na isogi, na siku ile wageni wakakula isogi na wakashukuru. Mnafu ni ya Tanzania, ukishuka kwa Baswahili ba pwani wanasema mnavu. Kenya wamekuwa na jina kila kabila, Bakikuyu wanasema managu na hiyo njo imeingia mu soko ya Nairobi kwa watu wote, Bajaluo wanasema osuga, Baluhya lisutsa, Bakisii rinagu. Ukifika Kameruni, upande wa Bamenda, wanaiita njama-njama na wanakula na bugali ya mahindi kama sisi tu. Na yenye inanifurahishaka zaidi ni ya Madagaska: kule wanaiita anamamy, maana yake mboga tamu. Tamu! Sisi huku tunakunja uso, bandugu ba kisiwa wanasema tamu. Bafaransa nabo wanasema morelle, neno la zamani la weusi, juu ya tunda.

Halafu jina ya bataalamu. Musuedi moja, Linnaeus, mu mwaka 1753 aliandika kitabu akapea mimea ya dunia jina mbili mbili za Kilatini, na hii akaiita Solanum nigrum, nigrum maana yake nyeusi. Shida ni kama alikusanya mingi mu gunia moja. Mu 1768 jardinye moja wa London, Philip Miller, mwenye alikuwa analinda jardin (bustani) ya Chelsea, akatoa zingine tatu zenye tunaziona mupaka leo: Solanum scabrum, Solanum villosum na Solanum americanum. Sikiliza vizuri juu hapa njo kuna jibu ya yule mama wa Nyawera. Ile ya majani mapana, tunda kubwa za zambarau nyeusi zenye hazianguki haraka, yenye inalimwa, ni scabrum. Ile yenye tunda ikiiva inakuwa ya rangi ya machungwa wala si nyeusi, jani dogo lenye vinywele, ni villosum, na jina ina maana ya vinywele kweli. Ile ya tutunda tudogo tweusi twenye kungaa kama macho ya panya, ukigusa tu tunaanguka chini, ni americanum, ndiyo, wamepea ya Amerika jina na inaota kwetu ku kila barabara. Nigrum yenyewe, ile ya Linnaeus, ni zaidi ya Ulaya na Asia, lakini watu wameshazoea kuandika Solanum nigrum ku kila mulunda, hata mu bitabu, hata mu klasi ya kijana wa yule mama wa Panzi.

Na si mambo ya kupenda kugawa tu. Ukiangalia ndani ya mbegu, americanum iko na kromosomu (tule tunyuzi twa urithi) 24, villosum 48, scabrum 72, ni kama muti moja yenye ilijiongeza mara mbili, mara tatu. Njo maana zinakataa kuzaana ovyo, na njo maana mulunda ya shamba yako haiwi kila mwaka ya porini.

Baba wa Katana, hapa njo nakujibu na wewe. Jani moja, hata kama halikuvunjika, halitoshi kutoa jina, juu majani ya mulunda yanabadilika na udongo na jua, muti moja tu unaweza kuwa na jani la duara chini na la menomeno juu. Chuma tawi zima lenye maua na tunda, lilaze mu gazeti, weka kitu kizito juu, badilisha gazeti kila siku mupaka likauke. Halafu uko hapo hapo karibu na Lwiro, ile nyumba ya utafiti yenye Babelgi walianzisha mu 1947, kuna majani makavu mengi ya milima yetu yenye imewekwa hivyo hivyo. Linganisha lako na yabo. Mutu akikuuliza jina ya mulunda yako, utakuwa na kitu ya kuonyesha kuliko maneno.

Kijana wa Bagira, mwambie muzee wa Kigoma kama ameshinda nusu. Sufuria ilikuwa ya mama mukubwa, na mama mukubwa alisema nini? Hukuandika.

Mie ninapenda mulunda lakini bwana anasema ni dawa si chakula. Namna gani ya kutoa uchungu? Wengine wanamwaga maji, wengine wanasema ukimwaga umetupa vitamini. (Bibi mupya, Kadutu)

Wee bibi mupya, hili neno limeshavunja urafiki mu kikundi chetu cha bamama, lakini nitasema namna ninafanyaka.

Kwanza soko. Usinunue fungu yenye ina maua mengi, muti ukishaanza kutoa maua na tunda majani inazidi uchungu. Vunja kashina na kidole: kakivunjika na kusema "tak" ni kachanga, kakipinda kama kamba wacha kwa mama huyo na umusalimie vizuri. Ku nyumba chagua jani moja moja, toa mashina magumu, na toa tunda za kijani zote, hapo hakuna mujadala. Osha maji mbili ao tatu, mulunda ya Kadutu ku musimu ya mvua inabeba udongo kama inaenda kujenga nyumba.

Maji ichemuke kwanza, njo utumbukize majani, hapana kuweka majani mu maji ya baridi na kungojea. Dakika kumi hivi, bila kufunika. Utaona maji inakuwa kijani nzito, karibu nyeusi, na harufu inapanda ya ile kitu yenye haiko chai haiko dawa. Hiyo maji ya kwanza mimi ninaimwaga. Ndiyo, vitamini C ingine inaenda nayo, lakini inaenda pia na uchungu na ile solanini tuliyosema juu, na kwa nyumba yenye batoto na bwana wa kukunja uso mimi naona bei hiyo inafaa. Mama yangu alikuwa hamwagi. Alikuwa anasema uchungu njo mboga yenyewe, ukiutoa si ungepika lengalenga (mchicha) tu? Na yeye mwenyewe alikuwa anatia lengalenga ndani, fungu moja kwa mbili, njo hiyo ilikuwa siri yake na aliificha mupaka siku nilimukuta anachanganya.

Halafu mafuta ya mawese mu sufuria, kitunguu, tomati mbili, majani yenye umekamua kidogo, chumvi. Kama kuna karanga, saga, tia vijiko vitatu mwishoni, karanga inashika uchungu kupita kitu yote ninayojua. Bandugu ba Kenya wanatia maziwa wanaacha ilale usiku, na kesho yake kweli inakuwa laini. Lakini kwetu hapa, ukitaka bwana anyamaze, sambaza kavu, tule tusamaki tudogo twa ziwa. Chukua konzi moja, kaanga pembeni mupaka ianze kulia, mwaga juu ya mulunda dakika ya mwisho isilowe. Watu wanafikiria sambaza na mulunda ni chakula ya tangu mababu wa mababu, kumbe sambaza ililetwa mu ziwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Mulunda ilikuwa inangojea peke yake wakati huo wote.

Na usimupikie bwana ya kwanza kabisa siku yenye amerudi na njaa na hasira. Ipike Jumamosi.

Niko Goma, lakini koko yangu ni wa Masisi. Kule kuna kamuti ka miiba, tunda za duara kama limau zinaanza kijani zinakuwa manjano. Koko anaziwekaka ku jino lenye kuuma, na anasema zamani bachungaji walikuwa wanatumia kugandisha maziwa. Naona mu mesaji fulani wanasema hiyo njo mulunda ya porini. Ni kweli?

Hapana kijana, yule mwenye aliandika vile umufute. Hiyo ni familia ya mulunda, nayo ni Solanum, lakini ni ndugu yenye haialikwi ku meza.

Ziko mbili zenye watu wanachanganya. Moja ni ndogo, inafika kiunoni ao ku kifua, majani yake iko kama imepakwa unga wa kijivu ukigusa unasikia pamba, tunda ikiwa bichi iko na mistari nyeupe ikiiva inakuwa manjano: Solanum incanum. Tanzania bara wanaiita ndulele, pwani mtunguja, Bakikuyu mutongu, Bamasai entulelei. Ingine ni kubwa, inakuwa karibu muti, miiba yenye kupinda ku shina na hata juu ya jani, tunda kubwa ya limau kweli: Solanum aculeastrum, Banyarwanda wanaiita umutobotobo na tunda yake intobo. Kwa kuwa unasema limau na unasema Masisi kwenye baridi na malisho, mimi nakisia koko anaongea juu ya intobo, lakini umuulize kama jani iko na miiba.

Hiyo kubwa watu wa milima wanaipanda kama lupango (uzio), ng'ombe haipiti hapo mara mbili. Tunda yake inatoa povu, kuna fasi mu Afrika ya kusini walikuwa wanafulia nguo nayo. Ku ngozi yenye mashilingi (ule ugonjwa wa duara duara), ya mutu na ya ng'ombe, wanapaka maji ya tunda. Na jino, ndiyo, koko yako hakuota, jino ni dawa yake ya zamani ku nchi nyingi, hii na ile ndogo. Maziwa nayo ni kweli, kitu cha ndani ya tunda ya incanum kinagandisha maziwa, wachungaji wa fasi mingi walijua hiyo kabla dawa ya jibini ya duka haijafika. Nyinyi watu wa mashanza (maziwa ya kuganda) na jibini ya Masisi mungepaswa kulinda hiyo habari, koko akiongea weka sauti ku simu.

Sasa namna ya kuilinda si kuijaribu. Uchungu wa intobo ni wa kweli, sumu yake ni ile ya tunda bichi ya mulunda lakini nyingi zaidi, na hata ikiwa manjano haipoi. Koko alikuwa anashikisha kapande ku jino anatema, anatema, hamezi mate, na alionyeshwa na mama yake siku ngapi? Wewe umesikia mara moja mu hadithi. Jino likikuuma Goma kuna baganga ba meno. Na kama muko na mutoto mudogo ku nyumba, hiyo tunda ya manjano inaonekana kama mupira, usiilete kama zawadi kutoka kijijini.

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku tuko na impwa, mama yangu Mubemba anapika na unga ya karanga. Ni mulunda pia? (Baba wa mapacha)

Baba, impwa ni biringani ya Kiafrika, tunda, si jani. Lakini ni familia moja, nayo ni Solanum, Banyarwanda wanaiita intoryi, Tanzania nyanya chungu ao ngogwe. Mu hiyo familia, Solanum na zenye si Solanum, kuko na tomati yako, viazi ya kizungu, pilipili, biringani, tumbaku ya muzee, na zile prini (tomati za muti) zenye tunauza huku ku Bukavu zenye zilitoka Amerika ya kusini. Unaona ni familia ya namna gani, moja anakulisha, moja anakukohoza, moja anakuua. Impwa na bukari, mimi nakuja.

Mimi mwalimu. Nataka kupanda mulunda mu jardin ya masomo, nitapata mbegu wapi? Na ni kweli tunda zake zinatoa wino?

Mbegu usinunue, mwalimu. Ngoja muti wenye ulipenda majani yake (chagua wa majani mapana, na onja jani moja lililotokoswa kwanza), acha tunda ziive mupaka zianze kulegea, kamua mu kikombe cha maji, sugua na vidole. Mbegu nzito zinashuka chini, ngozi na uchafu vinaelea, mwaga polepole, rudia mara tatu. Tandaza ku kitambaa kivulini, si ku jua. Ziko ndogo sana kama chumvi ya mawe, njo maana watu wanazimwaga fasi moja na zinaota kama nywele. Changanya na muchanga mukavu ao majivu ndio utawanye, funika na udongo kidogo tu. Zikiwa na majani tano ao sita hamisha, hatua moja ya mutoto kati ya muti na muti, mbolea ya mbuzi, maji. Kama mwezi na nusu hivi unaanza kukata ncha, na ukikata ncha inatoa matawi ya pembeni, unakata tena na tena. Ondoa maua kama unataka majani. Acha miti mbili ao tatu ku kona kwa mbegu, na hapo njo andika kibao kwa batoto: ya kijani hapana.

Wino, ndiyo. Tunda za ile kubwa, scabrum, ziko na rangi ya zambarau yenye inashika karatasi, na fasi mingi batu walitumia kama wino na kupaka vitu rangi. Kaka yangu mukubwa aliandika nayo zoezi nzima ya hesabu mwaka wenye ku nyumba hakukuwa na pesa ya biki, akakamua tunda mu kifuniko cha chupa, akachonga kijiti. Jioni ilikuwa nzuri, zambarau ya kungaa, tulikusanyika wote kuangalia. Asubuhi kurasa mbili zilishikana. Mwalimu wake alizibandua polepole na wembe, akasahihisha zenye zilionekana, akamupa sita ku kumi.